Vichwa vya risasi za 9 milimita vinakaa kombo: ni dai (die) mbovu au imefungwa vibaya?

#1 Fundi_wa_Lanet

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Naomba akili zenu.

Nina kijana wangu yuko Ohio, Marekani. Usiku anafanya kazi ya uuguzi, wikendi anashindana kulenga shabaha. Risasi za dukani zilipompanda bei akanunua presi ya mkono na seti ya dai tatu za 9 milimita (die, vile vyuma vya kwenye presi vinavyolipa ganda umbo na kukalisha kichwa), sasa anajijazia mwenyewe gereji. Kule ni halali. Bastola yake ni Ceska, ile CZ 75, na anatumia vichwa vya madini laini (lead) ya kumimina, si vile vyenye koti la shaba.

Shida ni kwamba baadhi ya risasi zake haziingii chemba hadi mwisho. Slaidi inasimama nusu ya njia, inabidi aitoe na kuanza upya. Kwenye picha alizonitumia naona kijipete chembamba cha madini kimekwaruzwa na kubaki mdomoni mwa ganda, na vichwa vingine vimeinama upande. Sasa anataka kununua dai ya bei kali, ile yenye maikromita juu.

Mimi nimekula kwa mashine ya lethi maisha yangu yote, presi na nyuzi za skrubu ni lugha yangu, lakini hii kazi sijawahi kuifanya. Kabla sijamwambia atoe hela: dai ya kukalisha kichwa inachaguliwa kwa kuangalia nini, na inafungwaje?

#2 Kaptembwa_Ndani

Mzee, huu uzi DCI watausoma kabla sisi hatujamaliza chai 😂

#3 Msimamizi

Uzi unabaki kwa sababu kazi inafanyika Ohio. Kwa walio hapa nyumbani: leseni ya kumiliki bastola si ruhusa ya kutengeneza risasi. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, si ya kuchezewa, na maswali ya vibali yapelekwe kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Pia sitaki kuona mtu akitaja vipimo vya baruti hapa. Hivyo vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, basi.

#4 Milimani_Kisumu

Mzee, mwambie kijana afunge pochi kwanza. Nimeishi Arizona miaka mingi na benchi la kazi hii nilikuwa nalo kabla sijarudi Kisumu. Ninachokiona kwenye maelezo yako si dai mbovu. Ni dai moja inayofanya kazi mbili kwa mpigo, na mwenyewe hajui.

Dai ya kukalisha kichwa kwenye seti za dai tatu ina sehemu mbili zinazojitegemea. Kuna mwili wa nje wenye nyuzi unaoingia kwenye presi. Ndani yake, kwa juu, kuna kijiti cha kusukuma, nacho kina skrubu yake. Kijiti ndicho kinachoamua kichwa kizame kiasi gani. Mwili una bega dogo ndani, na bega hilo ndilo linalobana mdomo wa ganda. Ukishusha mwili mno, mdomo unaanza kubanwa wakati kichwa bado kinasukumwa chini. Ganda limeshauma, kijiti hakina habari, kinaendelea kusukuma. Madini yatafanya nini? Yatakwaruzwa. Kile kijipete ulichokiona kimetoka hapo.

Afungue kila kitu aanze upya hivi. Achukue ganda tupu ambalo limeshapita dai ya kwanza, ile ya kulirudisha kwenye kipimo, na halijapanuliwa mdomo na dai ya pili. Aliweke kwenye kishika ganda, apandishe pistoni ya presi hadi juu kabisa. Kijiti akiinue juu ganda lisikutane nacho. Kisha azungushe mwili wa dai kwa vidole tu, taratibu, hadi ahisi bega limegusa mdomo wa ganda. Hapo arudishe nyuma nusu mzunguko au mzunguko mzima, halafu afunge nati. Dai sasa haiwezi kubana chochote hata ikitaka. Imebaki na kazi moja.

Ndipo ashuke kwenye kijiti. Ganda lililopanuliwa mdomo, kichwa juu yake, asukume kidogo, apime kwa vernia, ateremshe kijiti kidogo, asukume tena, apime tena. Akifika urefu anaoutaka anafunga nati ya kijiti. Na hizi risasi za kutafutia kipimo ZISIWE na baruti wala kiwashio. Ganda tupu na kichwa, kwisha. Hilo sitaki kulirudia.

Kubana mdomo kunafanywa baadaye, kwa hatua yake, baada ya vichwa vyote kukaa.

#5 JuaKali_Kibuye

@Milimani_Kisumu swali la mshamba. Kama dai ya pili inapanua mdomo, ya tatu inabana, kwa nini tusiache kupanua kabisa? Tunapanua ili tubane?

#6 Milimani_Kisumu

Swali zuri na wala si la mshamba. Kichwa cha kumimina cha 9 kwa kawaida kina kipenyo cha inchi 0.356, chenye koti ni 0.355. Ganda lililorudishwa kwenye kipimo lina tundu dogo kuliko hapo, kwa makusudi, maana ule mkazo ndio unaoshika kichwa. Bila kupanua mdomo hakuna pa kuingilia. Ukilazimisha, ukingo wa shaba unageuka kuwa patasi na kunyoa madini. Kwa hiyo kijana apanue kiasi cha kichwa kusimama wima chenyewe juu ya ganda kabla hajaanza kukisukuma. Kikisimama kombo kitaingia kombo, hata dai iwe ya dhahabu. Asizidishe pia, kwa sababu mdomo unaopanuliwa na kubanwa mara nyingi hupasuka mapema.

Sasa kubana. Watu wengi hudhani mbano ndio unaoshika kichwa kisirudi ndani. Kwa 9 si hivyo. Ganda la 9 linasimama ndani ya chemba kwa ukingo wa mdomo wake. Huo ukingo ndio unaopima kina. Ukiukunja kuingia ndani ya kichwa, ganda linakosa pa kusimamia. Kazi ya mbano hapa ni moja tu: kufuta ule upana ulioutengeneza. Mdomo urudi kuwa bomba lililonyooka. Ukipima kwa vernia ukingoni kabisa upate kama inchi 0.378 hadi 0.380, yaani karibu milimita 9.6 hadi 9.65. Hiyo 0.380 ndiyo kikomo cha SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi Marekani.

Ukikaza zaidi unaharibu mambo kinyumenyume. Shaba ikibanwa inarudi nyuma kidogo kama springi, madini laini ya ndani hayarudi. Unachopata ni kichwa kilichosinyaa ndani ya ganda lililolegea. Mtu anaona kinacheza, anakaza tena, kinacheza zaidi!

#7 Fundi_wa_Lanet

Hapo umenifungua macho. Nimemuuliza kijana, anasema aliizungusha dai hadi ikagusa kishika ganda, "kama ile ya kwanza." Kumbe ya kwanza ndiyo hufungwa hivyo, yeye akafuata mtindo uleule.

Kuna jambo nimelipenda. Anasema nyuzi za dai ni inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81. Nusu mzunguko ni 0.9. Robo ni 0.45. Ukilinganisha na vipimo unavyotaja vya sehemu za mia za milimita, hiyo nati ya kufungia nayo ni mtihani. Ukiikaza dai inaweza kusogea kwenye uwazi wa nyuzi, kipimo kikaondoka. Kwenye presi zetu huwa tunakaza nati huku mzigo uko juu. Na kwa hii pia?

#8 Milimani_Kisumu

Ndiyo, ileile. Wakati wa kukaza nati ya mwili aache ganda ndani ya dai na pistoni ikiwa juu, dai ijinyooshe yenyewe katikati. Mzee, unajua kazi hii, umekosa msamiati tu.

#9 Bahati_Estate

Na zile presi za kuzunguka zenye stesheni nyingi? Binamu yangu anayo, analalamika urefu unabadilika mwanzoni na mwishoni mwa kazi.

#10 Milimani_Kisumu

Sahani inayobeba maganda hupinda kidogo stesheni zote zikiwa na kazi. Mwanzoni na mwishoni baadhi ni tupu, sahani haijapinda kwa kiasi kilekile, urefu unatofautiana. Arekebishe dai stesheni zote zikiwa zimejaa. Za mwanzo na za mwisho azipime pembeni.

#11 Mwana_wa_Lanet

Shikamoo Mzee, shikamooni wakubwa. Ndiye mimi mwenye kesi. Mzee amenitumia kiungo nikaona nijisajili nijitetee 😅

Nimefungua dai na kuifunga upya. Kijipete kimeisha. Vichwa vinakaa wima ila si vyote. Lakini chemba bado inakataa, na hapa ndipo nimechanganyikiwa, maana urefu wangu uko chini ya kikomo cha kitabu, inchi 1.169. Kichwa changu ni cha pua bapa. Nikitumia za dukani zenye pua ya mviringo zinaingia bila shida.

#12 Milimani_Kisumu

Marahaba kijana. Umejijibu mwenyewe, ni pua bapa ndani ya Ceska.

Hiyo 1.169, milimita 29.69, ni kikomo cha risasi yote ya 9 ili iingie kwenye magazini na bastola za kila aina. Si urefu wa kuulenga. Kichwa cha pua ya mviringo kinaanza kupungua mapema, kwa hiyo hata risasi ikiwa ndefu, bega lake haligusi mifereji ya mtutu. Pua bapa inabeba unene wake hadi mbele. Kwa urefu uleule, bega linakutana na mifereji kabla ganda halijakaa. CZ zinajulikana kwa koo fupi, mifereji inaanza karibu sana na chemba. Rafiki yako mwenye bastola nyingine anaweza kutumia risasi hizohizo akakushangaa.

Kwa hiyo kipimo chako kitoke kwenye mtutu wako. Fungua bastola, toa mtutu, ushike ukiwa umeelekea chini. Tengeneza risasi bandia, tena narudia bila baruti wala kiwashio, ndefu kuliko unavyotaka, na mdomo umeshabanwa. Iangushe kwenye chemba. Ikikwama au ikikataa kuzunguka kwa vidole, kichwa kinagusa. Teremsha kijiti kidogo, sukuma, jaribu tena. Ukifika pale inapoanguka kwa mlio wa "tok", inazunguka huru, na ukipindua mtutu inatoka kwa uzito wake yenyewe, pima. Kisha punguza kama inchi 0.015 zaidi, milimita 0.4 hivi, kwa sababu vichwa havifanani kabisa na uchafu hujikusanya kooni. Halafu jaza magazini uone zinapanda vizuri.

Ukitaka kujua inagusa wapi, paka bandia wino wa kalamu nzito. Alama ikiwa kwenye kichwa, ni urefu. Ikiwa kwenye ukingo wa mdomo, hujafuta upana vizuri. Ikiwa chini karibu na kitako, ganda lenyewe halijarudishwa kipimo. Wengi wanahangaika na dai ya kukalisha wakati mgonjwa ni dai ya kwanza.

Sasa nisikilize kwa makini. Kila unapokizamisha kichwa zaidi unapunguza nafasi ya baruti ndani ya ganda. Ganda la 9 ni dogo na shinikizo lake liko juu tayari, kikomo cha SAAMI ni psi 35,000. Kichwa kikizama kidogo tu zaidi, shinikizo linaruka, halipandi kwa adabu. Kwa hiyo kama Ceska yako inakudai urefu mfupi kuliko ule ulioandikwa kitabuni kwa kichwa hichohicho, huwezi kubaki na kiasi kilekile cha baruti. Rudi kwenye kiwango cha kuanzia cha kitabu. Na kama tofauti ni kubwa, tafuta kichwa cha umbo lingine. Mimi hapo ningebadilisha kichwa bila kufikiri mara mbili.

#13 Fundi_wa_Lanet

Kijana, umesoma hiyo aya ya mwisho?

#14 Mwana_wa_Lanet

Nimeisoma Mzee. Zile zilizokwisha kujazwa nimezitenga, nitazivunja.

#15 Pipeline_Eldy

Mimi niko Eldoret, mji wenye kiwanda cha serikali cha risasi, na jirani zangu wote wanadhani ninajua mambo haya kwa sababu hiyo tu 😂 Sijawahi kuingia mle ndani. Lakini kazi yangu ni upimaji wa vipuri na kuna kitu nataka kukiongeza.

Kijana ataona urefu unatofautiana risasi moja hadi nyingine hata kama dai haijasogea. Asikimbilie kuilaumu. Angalia kijiti kinasukuma wapi: kwenye bega la kichwa, kando ya pua. Vernia inapima wapi? Kwenye ncha. Kama ncha za vichwa hazilingani, na za kumimina hazilingani kamwe, urefu wa jumla utacheza huku kina cha kukaa ni kilekile. Achukue vichwa vyenyewe kabla ya kuvijaza, avipime urefu. Tofauti atakayoiona hapo aitoe kwenye tofauti ya risasi zilizokamilika. Kilichobaki ndicho cha kuidai dai.

#16 Milimani_Kisumu

@Pipeline_Eldy umemaliza. Na hilo ndilo linalotupeleka kwenye swali la kwanza la Mzee, la kuchagua.

Katika kuchagua dai mimi naangalia umbo la tumbo la kijiti, yaani lile shimo linalopokea pua, kabla ya jina la kampuni. Kijiti kilichochimbwa kwa pua ya mviringo kikisukuma pua bapa kinagusa ukingo wa nje tu. Kikiwa na mchezo, kinainamisha. Kijiti bapa juu ya pua ya mviringo kinasimama kwenye nukta moja, nacho kinainamisha na kuacha kibapa kwenye ncha. Vichwa vyenye tundu mbele ndivyo vibaya zaidi, ukingo wa tundu unaweza kupondeka. Nadhani vile vichache vya kijana ambavyo bado havinyooki vinatoka hapo.

Dillon wanatengeneza kijiti cha kugeuza, upande mmoja wa mviringo na upande wa pili bapa, na unakichomoa kwa kutoa kipini bila kupoteza kipimo. Dai yao ya kukalisha haibani kabisa, kubana ni dai nyingine. Hornady wana mkono wa ndani unaoteleza, unashika kichwa na kukinyoosha kabla hakijagusana na kijiti. Redding wana ile ya maikromita, ndiyo aliyoitamani kijana, nayo pia haibani. Ni nzuri, sikatai. Faida yake unaipata ukiwa unabadilisha vichwa vya aina nyingi na unataka kurudi kwenye namba uliyoiandika. Kwa mtu wa kichwa kimoja na bastola moja, ni pambo.

Ningekuwa yeye ningenunua dai ya nne ya kubana peke yake, ya bei ya kawaida, na hii aliyonayo ingebaki ya kukalisha tu.

#17 JuaKali_Kibuye

Ile ya Lee wanayoiita ya kiwandani je? Nimeona video wanaisifu.

#18 Milimani_Kisumu

Ina pete ngumu ya kabaidi chini inayolirudisha ganda zima kwenye kipimo wakati wa kubana. Kwa vichwa vyenye koti haina neno. Kwa kichwa cha kumimina cha 0.356 au zaidi, kuna hatari ile pete ikaminya kichwa ndani ya ganda kikawa chembamba. Kisha mkazo unapotea na mtutu unajaa madini kwa sababu kichwa hakizibi mifereji. Kijana anatumia vya kumimina, kwa hiyo kwake nasema achukue ya kawaida ya mbano mnyoofu.

Akishaipata: risasi bandia iliyokamilika ndani, pistoni juu, azungushe dai hadi iguse, ashushe pistoni, aongeze sehemu moja ya nane ya mzunguko, abane, apime mdomo. Aongeze tena kidogo hadi afike vile vipimo. Kisha ajaribu kuisukuma bandia kwa kidole gumba, pua ikiwa imeegemea ukingo wa benchi, kwa nguvu zake. Apime kabla na baada. Kama imefupika, mkazo hautoshi, na dawa yake si kukaza mbano. Aangalie dai ya kwanza au kile kipanuzi cha mdomo kama hakijapanua mno.

#19 Mzee_wa_Maseno

Na sisi wa rivolva ya .38? Huku mmesahau wazee.

#20 Milimani_Kisumu

Jaduong', ya kwako ni tofauti. Ganda la .38 Special linasimama kwa ukingo wa kitako, mdomo hauna kazi ya kupima kina, kwa hiyo unaruhusiwa kukunjwa kuingia ndani. Tena inatakiwa, kwa sababu rivolva ikiruka mkononi, vichwa vya risasi zinazosubiri kwenye silinda hujivuta mbele hadi silinda igome kuzunguka. Kichwa kina mtaro wake. Urefu unatafutwa hadi mdomo uwe katikati ya mtaro, kisha mdomo unakunjwa humo. Hapo hata dai moja inaweza kufanya zote mbili kwa usalama, ukianza na kukalisha mwili ukiwa juu. Baadaye unainua kijiti, unashusha mwili hadi mbano uje, halafu unarudisha kijiti kiguse kichwa na kufunga.

#21 Mwana_wa_Lanet

Ripoti. Dai ya kubana imefika. Bandia zote zinaanguka "tok" na kuzunguka. Urefu nimeupata kutoka kwenye mtutu, umekuwa mfupi kidogo kuliko wa kitabu, kwa hiyo nimerudi kwenye kiwango cha kuanzia kama mlivyosema. Zilizobaki kombo ni chache, na kijiti changu ni cha mviringo kweli. Kampuni inauza kijiti bapa, lakini Mzee anasema nisinunue.

#22 Fundi_wa_Lanet

Nimesema asinunue kwa sababu kuna njia. Paka kichwa kimoja nta ya viatu, jaza tumbo la kijiti gundi ya sehemu mbili, kalisha kichwa hicho taratibu kwenye ganda tupu hadi gundi ichukue umbo lake, iache hadi kesho. Inakuwa kijiti cha kichwa hicho na si kingine. Tumefanya hivyo miaka mingi kwenye vishikio vya presi hapa Industrial Area.

#23 Milimani_Kisumu

Nami nimeiona kule, inafanya kazi. Aondoe gundi iliyofurika pembeni kabla haijakauka, isije ikakwama kwenye mwili wa dai. Na baada ya hapo arudie kutafuta urefu, kwa sababu kijiti kimekuwa kirefu.

#24 JuaKali_Kibuye

Ile nta ya kulainisha vichwa vya kumimina haitajaza hilo tumbo?

#25 Milimani_Kisumu

Itajaza, na hata kijiti cha chuma kinajaa. Risasi zinaanza kufupika polepole bila mtu kugusa skrubu. Kila baada ya kasha moja achomoe kijiti, apanguse kwa kitambaa chenye spiriti, apime moja, aendelee.